Joto la Ncha za Zohali

Walimu wenzangu vijana wa idara ya sayansi hapa Makambako waliniomba niwaandikie kurasa chache kuhusu kazi yangu kabla sijaanza kusahau. Nadhani walitaka maneno matamu ya kuwatia moyo. Hayo yapo, ila ni machache. Yaliyobaki ni hasira, na sikuona sababu ya kuichuja, kwa kuwa nimekwisha kustaafu na hakuna tena anayeweza kunihamishia popote.

Habari za madaraja na mishahara naziacha. Kila mtu anazo za kwake na zote zinafanana.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa shule ya sekondari jirani na Kichiwa. Mimi ni Mbena wa Lupembe, baridi ya kwetu nimezaliwa nayo, lakini chuo nilisomea nchi ya joto na nilirudi nimejisahau. Nilishuka na gauni la mikono mifupi mwezi wa sita. Aliyenipokea ni Mwalimu Kilasi, mkuu wa idara, mzee mrefu wa Kilutheri aliyevaa makoti mawili.

"Kamwene," akanisalimu.

"Kamwene, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Wewe ndiye mwalimu mpya wa fizikia?"

"Ndiye mimi."

Akavua koti la juu akanipa. "Basi somo la kwanza ni hili. Vaa."

Maabara ilikuwa kabati moja. Ndani mlikuwa na mizani ya springi, sumaku zilizochoka, vipimajoto viwili, na tufe la dunia lililobonyea upande wa bahari ya Pasifiki. Wanafunzi wa kidato cha kwanza waliamini kule baharini kuna shimo, na kila mwaka ilibidi niwatoe huko kabla hatujaanza somo.

Wiki ile ile aliripoti mwalimu mwingine kijana, Lugome. Alikuwa mwembamba, mcheshi, mwenye haraka ya kutembea kama mtu anayekimbilia gari. Tulifundishwa kazi pamoja na Mwalimu Kilasi, na Lugome ndiye aliyekuwa bora kati yetu. Nataka mlijue hilo mapema, msije mkadhani nawasimulia habari za mtu mjinga.

Kitabu tulichofundishia kilisema kwamba kadiri unavyopanda juu, ndivyo baridi inavyozidi. Lugome akaona jambo. Maharage yaliyokuwa kwenye vinyungu, zile bustani za bondeni kwenye unyevu, yalikuwa yameungua kwa umande ulioganda, wakati maharage ya mlimani yamesimama kijani. Akachukua vipimajoto vyote viwili. Asubuhi baada ya asubuhi, kabla jua halijatoka, alikuwa akisoma kimoja bondeni, kisha anapanda mbio kusoma kingine mlimani. Bonde lilikuwa baridi kuliko mlima, tena si kwa kubahatisha.

Mkuu wa shule wa wakati ule akamwambia afundishe kilichoandikwa. Lugome alitoka, akarudi na mkono uliojaa majani ya maharage yaliyokuwa meusi na malegevu, akayaweka mezani kwa mkuu.

"Mkuu, haya majani hayajasoma kile kitabu," alisema.

Ofisi nzima ya walimu ilicheka, na mkuu mwenyewe akacheka mwishoni. Kisha Mwalimu Kilasi akatufafanulia: usiku usio na upepo hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, hutiririka mteremkoni kama maji na kutuama bondeni. Kitabu hakikuwa kimedanganya, kilikuwa hakijamaliza kusema. Siku ile nilimtazama Lugome nikasema moyoni kwamba nikiwa mwalimu kama huyu, itatosha.

Miaka ikaenda. Mwalimu Kilasi alistaafu, baadaye akafariki, tukamzika kwenye mvua. Lugome alihamishiwa ofisi ya elimu ya mkoa, akawa anapanda vyeo, nami nimeahidi kutozungumzia kupanda. Mimi nililetwa Makambako.

Mnaofundisha hapa mnapajua. Upepo na vumbi la barabara kuu havipumziki, na malori ya mbao hupiga honi katikati ya kanuni ya Archimedes. Nilijifunza kuandika ubaoni wakati honi zinalia na kuzungumza zikinyamaza. Darasa hufuata, ukilizoesha.

Twilumba Mwalongo alikuwa mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu, akitokea Lyamkena. Mama yake aliuza masweta ya mitumba sokoni, baba yake alikuwa fundi cherehani. Alikuwa na tabia ya kusimama kwanza, kisha kuuliza, kisha kukumbuka kunyoosha mkono. Walimu wengine walimlalamikia. Mimi nilimpangia dawati la mbele ili asiwaangushie wenzake madaftari anaposimama.

Siku moja nilikuwa nimefundisha kwa nini ncha za dunia ni baridi: miale ya jua huzifikia kwa mshazari, joto lake likatawanyika eneo kubwa. Somo liliisha mapema na projekta ya kuazima ilikuwa bado inawaka, nikawaonyesha picha ya sayari ya Zohali, ile kubwa yenye pete. Haikuwa picha ya kawaida. Ilipigwa na kamera inayoona joto badala ya mwanga, kwa hiyo palipo na joto panang'aa. Ncha ya kusini ilikuwa na doa linalong'aa, na ncha ya kaskazini vilevile.

Nikawaeleza kwamba wakati huo kusini kulikuwa kumeelekea jua, ni kiangazi chao. Kaskazini ilikuwa majira ya baridi, na kwa kuwa mwaka wa Zohali ni mrefu karibu mara thelathini ya wetu, ncha ile ilikuwa gizani kwa miaka mingi mfululizo.

Twilumba alikuwa ameshasimama. "Madam, sasa hii ya gizani, nani ameiwashia moto?"

Darasa likacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu ndilo swali lenyewe. Wataalamu waliotuma chombo kule walitegemea kukuta joto upande wa jua. Walipoona doa lile upande wa giza nao walishangaa.

"Tutafute," nikamwambia.

Tulitafuta kwa wiki kadhaa, kwenye simu yangu, na kwa rafiki yangu aliyekuwa akifundisha chuo kikuu. Maelezo tuliyoyapata yalikuwa haya: kwenye ncha zile hewa huzunguka kama maji yanavyozunguka kwenye tundu la beseni, na katikati ya mzunguko hewa ya juu hushuka. Inaposhuka inabanwa, na hewa ikibanwa hupata joto, jua liwepo lisiwepo. Lakini ni joto la kulinganisha tu. Pale pana baridi kuliko barafu yoyote ya hapa duniani, ila pana joto kuliko sehemu zinazopazunguka.

Nilikuwa nikifikiria namna ya kulieleza darasa. Twilumba akatangulia. Alikuja na pampu ya baiskeli ya baba yake, akaziba tundu kwa kidole gumba, akapampu kwa nguvu zake zote, kisha akaninyooshea.

"Shika hapa chini, Madam."

Nilishika. Chuma kilikuwa cha moto.

"Hakuna jua humu ndani," alisema, akihema.

Nimefundisha miaka zaidi ya thelathini, na kama kuna siku moja ningeomba nirudishiwe, ni ile.

Tulipeleka kazi hiyo kwenye mashindano ya sayansi ya shule za sekondari, pale Njombe mjini. Twilumba alichora bango kubwa la Zohali, ncha zote mbili kwa rangi nyekundu. Baba yake alimshonea sketi mpya ya shule. Tulipofika ukumbini nikamwona mwenyekiti wa majaji ni Lugome, amenenepa kidogo, miwani kwenye kamba shingoni. Nilifurahi mno. Nikamwinamia Twilumba sikioni.

"Usiwe na wasiwasi kabisa. Yule mzee namjua, aliwahi kumwekea mkuu wake majani ya maharage mezani."

Alianza vizuri, kwa Kiingereza kama kanuni zilivyotaka. Alieleza ncha za dunia. Akaeleza picha. Aliposema ncha zote mbili za Zohali zina joto, watu wakaguna ukumbini, na Lugome akainua mkono kumsimamisha. Akahamia Kiswahili, kama tufanyavyo sote tunapotaka kukaripia.

"Binti, ngoja. Ncha ni nini?"

"Ni sehemu ya mwisho ya mhimili wa sayari, mzee."

"Ncha ni baridi au joto?"

"Za dunia ni baridi. Za Zohali..."

"Nimeuliza ncha. Mtoto wa shule ya msingi anajua jibu. Hapa kuna wanafunzi wenzako wanaokusikiliza na wana mtihani. Chukua kipaza sauti, uwasahihishie. Sema: ncha ni baridi."

Mkuu wangu wa shule alinishika mkono wa sweta akininong'oneza, "Mama, kaa. Mama, tafadhali." Nilikuwa nimekwisha kusimama.

"Mwenyekiti, mruhusu amalize," nilisema. "Ana pampu pale. Mwite jaji yeyote aishike."

"Mwalimu Mtewele, muda hauturuhusu."

"Muda wa kumsahihisha mmeupata."

Alimnyooshea Twilumba kipaza sauti. Twilumba alikipokea kwa mikono miwili, kwa heshima, akapiga goti kidogo kama alivyofundishwa nyumbani. Akasema, kila neno likisikika:

"Samahani, mzee. Ncha za dunia ni baridi. Za Zohali zote mbili zina joto kuliko sehemu zinazozizunguka."

Wanafunzi wakaangua kicheko. Lugome alitikisa kichwa kwa huruma ya kuigiza, akasema, "Haya, shule inayofuata, na nyie wengine msibebe hilo kwenda nalo kwenye mtihani," na ukumbi ukampigia makofi. Makofi! Bango liliteremshwa na vijana wa ukumbini waliokuwa na haraka, likachanika upande wa kusini. Hatukupewa alama yoyote. Tungepewa ya mwisho nisingelalamika. Kuna shule zilileta kazi nzuri sana, na hata sasa ningeweza kuzitaja.

Nilimfuata Lugome nje kwenye magari. Nilikuwa bado naamini amepitwa na habari, kwamba nikimweleza atajipiga paji la uso na kurudi ndani mbio. Niliingia kwenye maelezo ya hewa inayoshuka. Akanikatiza.

"Dada, unadhani sijui? Habari ya ncha zile niliisoma zamani. Ni nzuri sana. Ya gizani ndiyo iliyonishangaza zaidi."

Nilirudi nyuma hatua moja.

"Sasa nisikilize," akaendelea, kwa upole, na upole ule ndio unaonikera mpaka leo. "Ukumbi mzima ule wana mtihani mwezi wa kumi na moja. Wataulizwa ncha, na jibu linalotakiwa ni baridi. Mmoja akiandika Zohali, amekosa. Wakikosa wengi, mkoa unashuka. Nitajibu nini mimi?"

"Utajibu ukweli. Na yule mtoto?"

"Atasahau. Watoto husahau."

"Wewe ulisahau? Yale maharage uliyasahau?"

Alitabasamu. "Wakati ule tulikuwa vijana, Mama Mtewele." Akaingia garini.

Niliwahi kukutana na walimu wasiojua. Mimi mwenyewe nimekuwa sijui mambo mengi, na mtu asiyejua unakaa naye chini, unampa pampu ashike. Lakini huyu alijua. Alijua, akampa mtoto kipaza sauti na kumwambia aseme kinyume chake mbele ya wenzake, kisha akapokea makofi. Mtu wa namna hiyo unamfundisha nini? Nilisimama pale kwenye maegesho mpaka gari lake likapotea barabarani.

Tulirudi na basi dogo la shule. Twilumba alikaa kando yangu, bango limekunjwa magotini. Tulikaribia Makambako ndipo akazungumza.

"Madam, yule mzee amekosea au amedanganya?"

Mkuu wa shule, aliyekuwa kiti cha mbele, akageuka kunitazama. Nilielewa macho yake. Nilimjibu mtoto.

"Anajua kwamba uko sahihi. Ameniambia mwenyewe."

Hakulia. Aligeukia dirisha, akakaa hivyo mpaka stendi.

Kilichofuata ndicho kilichoniuma kuliko ukumbi. Wenzake walimpachika jina, wakamwita Ncha. Angeweza kulicheka, ni jina dogo. Ila aliacha kusimama. Niliuliza maswali nikimtazama, naye akatazama daftari. Alinakili kila nilichoandika ubaoni, hata nilipokosea kwa makusudi kumchokoza. Kipindi baada ya kipindi, dawati lile la mbele likawa kama halina mtu.

Nilikwenda ofisi za elimu kulalamika. Ofisi ya kwanza iliniambia nisubiri, ya pili ikaniambia ni mashindano tu, mama, na ya tatu ikanipa chai. Kisha baba yake akaja shuleni, futi ya kitambaa ikining'inia shingoni, kama alikuwa ameinuka katikati ya kazi.

"Mwalimu, mtoto ameacha kuuliza," alisema. "Zamani nyumbani tulikuwa tunamwomba anyamaze tule. Sasa mama yake anamwomba aseme chochote. Mmemfanya nini?"

Alisema "mmemfanya", wingi, nami nikaona ana haki. Kwa mzazi, sisi wote ni shule.

Nikamwomba pampu ile tena. Wiki iliyofuata nilitoa madarasa yangu yote nje uwanjani, kuanzia kidato cha kwanza, nikasema kila mwanafunzi ataziba tundu, atapampu na atashika chuma. Mkuu wa shule alinikumbusha kwamba jambo hilo halimo kwenye mtihani. Nikamwambia mimi pia simo kwenye mtihani, na bado naja kazini. Nilimwomba Twilumba aongoze. Akakataa kwa kutikisa kichwa, akaenda kusimama nyuma kabisa, karibu na ukuta.

Nilifundisha bila yeye. Madarasa yakapokezana, na lake likaitwa tena kusaidia kidato cha kwanza. Msichana mmoja mdogo alikuwa akipampu na hapati joto lolote. Wenzake walianza kumcheka, kicheko kile kile cha ukumbini, nami nilikuwa naelekea kwake. Twilumba akanipita.

"Mwacheni!" aliwafokea. "Kidole kimelegea, hewa inatoroka. Ziba hivi. Haya, pampu. Usisimame, pampu!"

Yule mdogo akapampu. Akashika. Akapiga kelele.

"Umeona?" Twilumba akamwambia. "Sasa uliza kwa nini."

Nilijifanya natafuta chaki mfukoni, maana macho yangu yalikuwa hayafai kuonekana. Siku iliyofuata alisimama darasani kabla ya kunyoosha mkono, akaangusha madaftari ya jirani yake.

Alifaulu, akaenda mbele, akasomea ualimu wa fizikia. Sasa anafundisha Songea.

Mwaka huu shule ilinifanyia sherehe ya kuniaga. Palikuwa na viazi, nyama, kwaya ya Wakatoliki na kwaya ya Walutheri zikishindana kwa adabu. Twilumba alisafiri kutoka Songea. Mgeni rasmi alikuwa Lugome. Sikumwalika mimi, wala sikuulizwa. Katika hotuba yake alinisifu kwa uthubutu, akasema walimu wa kweli ni wale wasioogopa kutetea kilicho sahihi. Wageni wakapiga makofi. Nami nilikaa pale na shada langu la maua shingoni, nikijiuliza mtu anaweza vipi kusema sentensi ile bila ulimi kumuuma.

Baada ya chakula nilimshika mkono nikampeleka alipokaa Twilumba. Twilumba akainuka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu." Alimtambua, niliona uso wake ukibadilika. Akavua miwani, akaifuta kwa tai. "Siku ile, binti... ulikuwa sahihi."

"Nilijua siku ile ile, mzee," Twilumba akajibu, bila ukali wowote. "Mimi hukuwa na haja ya kuniambia. Wale waliokupigia makofi ndio hawajui mpaka leo. Wengine ni walimu, wako humu ndani. Ungewaambia wao."

Mshereheshaji alikuwa karibu, akasikia, akamsogezea Lugome kipaza sauti akidhani anataka kuongeza neno. Lugome alikitazama. Nitasema kwa haki kwamba mkono wake ulisogea. Halafu akatazama saa, akasema ana safari ya Iringa na dereva anasubiri, akatuaga kwa vicheko na kupeana mikono meza kwa meza mpaka mlangoni.

Wenzangu mlinisihi siku ile: Mama, samehe, umeshastaafu, pumzika. Nimeyasikia. Kusamehe ni kazi ya Twilumba, na sijui kama ameshaifanya. Kazi yangu ilikuwa kufundisha, na kuna darasa moja, la ukumbi mzima, lililotoka na jibu lisilo sahihi kwa sababu mtu mzima aliyelijua jibu alikaa kimya. Mpaka naandika haya bado hajalisahihisha. Basi nalisahihisha mimi. Twilumba Mwalongo wa kidato cha tatu alisema kwamba ncha zote mbili za Zohali, ya juani na ya gizani, zina joto kuliko sehemu zinazozizunguka. Alikuwa sahihi. Mwenyekiti wa majaji alijua.